Kiraka cha Pembe ya Upepo

Jicho la kwanza lilichanika Jumanne, saa nne asubuhi, na mlio wake ulikuwa mdogo kuliko kikohozi cha mtoto. Mwantumu alikuwa akipepeta. Aliinua kichwa, akatega sikio, kisha akaweka ungo chini. Kijiji kile kilikuwa na watu mia mbili na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Wao walisikia upepo tu. Yeye alisikia turubai likiachana na pete yake.

Turubai lilikuwa la serikali, na chini yake mlikuwa na magunia mia na ishirini ya mahindi ya njano, yale ambayo watu waliyaita yanga na kuyasema vibaya huku wakiyala. Ghala lilikuwa bado halijajengwa. Hata nyumba nyingi zilikuwa bado. Watu waliletwa pale, ng'ambo ya Kang'ata wilayani Handeni, mwezi wa tisa mwaka ule wa sabini na nne, wakiwa juu ya malori na vyungu vyao mapajani, wakaonyeshwa mahali pa kujenga na rundo la magunia lililopangwa juu ya magogo. Ukame ulikuwa umekula mashamba yote. Rundo lile ndilo lililokuwa chakula chao mpaka mavuno, na hapakuwa na jingine. Mtunzaji wake alikuwa Rehani, mume wa Mwantumu, aliyechaguliwa kwa sababu alijua kusoma na hakujua kukataa.

"Rehani, jicho limetoka."

"Jicho la nani?"

"La turubai. Njoo uone."

Macho ni yale matundu ya ukingoni yanayopita kamba, yenye pete za shaba. Pete ya pembe ya mashariki, inakotoka mvua, ilikuwa imelala mchangani, na mahali pake pamebaki mpasuko wa shibiri nzima. Mwantumu aliiokota, akaigeuzageuza. Marehemu baba yake, fundi Mhina, alishona maturubai ya malori ya mkonge pale Manundu, Korogwe, kwa miaka thelathini, naye alikulia chini ya meza ya kazi akiokota vipande vya nyuzi.

"Waliipiga kwenye nguo moja tupu," alisema. "Tena karibu na ukingo. Baba alikuwa akisema pete haishiki turubai, kinachoshika ni nguo iliyo nyuma ya pete. Hapa nyuma hakuna kitu."

"Tutafunga kamba kwenye tundu jingine."

"Ndivyo yatakavyotoka yote. Likitoka moja, mzigo wake unahamia kwa jirani. Yamebaki saba, Rehani, na vuli hiyo."

Rehani alitazama mashariki. Mawingu yalikuwa mbali bado, lakini yalikuwepo, na alianza kujikuna shingo kama alivyofanya kila alipojua kwamba itambidi aende kuzungumza na mkubwa.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwa na katibu wa kijiji. Abdi, katibu, aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye meza yake ya mbao mbichi, iliyokuwa meza pekee pale kijijini, na alipewa maelezo yote mawili, ya Rehani yaliyokuwa ya upole na ya Mwantumu yaliyokuwa ya kweli.

"Turubai lile ni mali ya umma," alisema. "Mali ya umma haichomwi sindano ovyo. Andikeni barua, itapelekwa wilayani, itajibiwa."

"Itajibiwa lini, Ndugu Katibu?" Rehani aliuliza.

"Ile ya dawa za kuhara ya mwezi uliopita bado."

"Na mvua nayo tuiandikie barua?" Mwantumu alisema.

Rehani alimkanyaga mguu. Abdi alimtazama mwanamke yule kwa muda, akatabasamu bila furaha. "Mama, wewe una mdomo. Mdomo huo utamponza mtu, na hatakuwa wewe."

Jumatano likatoka jicho la pili. Safari hii Abdi alikuwepo, na aliona kwa macho yake upepo ukifunua gunia la juu na turubai likipiga makofi. Alingoja watu wanne walikalie. Kisha alimvuta Rehani pembeni.

"Shoneni. Nitazungumza nao huko juu."

"Tupe basi karatasi, Ndugu Katibu. Hata ya mistari miwili."

"Karatasi ya nini? Neno langu halikutoshi?"

Rehani akasema linamtosha. Mwantumu alisikia, lakini hakutia neno, kwani mguu wake ulikuwa bado unauma.

*

Alhamisi Mwantumu alipata lifti ya lori la mbao hadi Korogwe. Duka la Dhirajlal, mteja wa zamani wa baba yake, lilikuwa palepale Manundu, ila rafu zilikuwa na viberiti na sabuni chache tu. Mzee Dhirajlal alikuwa akifunga makaratasi kwa kamba. Mkewe, Kanchan, alimtambua kwanza.

"Huyu si binti wa fundi?"

"Shikamooni. Ndiye mimi, mama. Nimekuja kutafuta pete za turubai, nane, na uzi wa katani."

"Pete!" Dhirajlal alicheka, akakohoa. "Mwaka wa pili sijaona pete mpya." Hata hivyo alivuta droo ya chini kabisa na kumwaga kwenye kaunta pete za zamani zilizopata ukijani. Zilikuwa pete nzito, za enzi ya malori ya mkonge. Alihesabu nane, akaongeza moja. "Chukua. Baba yako alinishonea turubai la barazani, mpaka leo halijavuja. Toka nje ukaangalie."

Alitoka, akaangalia. Kwenye pembe ya turubai lile, kwa uzi mwekundu, palikuwa na unyayo wa kuku, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Ndiyo alama ya fundi Mhina. Hakujua kuandika jina lake, kwa hiyo kila turubai alilolimaliza alilipa unyayo. Mwantumu aliugusa kwa kidole na machozi yakamlengalenga.

"Nitakuletea mahindi nikivuna," alisema.

"Hutatukuta," Kanchan alijibu taratibu. "Tunaondoka kesho. Kwanza Dar es Salaam, halafu ng'ambo kwa mtoto. Duka limekwisha, mwanangu."

Mwantumu alizifunga pete kwenye ncha ya kanga. Alisema poleni, kwa sababu ndilo neno lililokuwepo.

*

Pete alizipata. Nguo ya kuweka nyuma ya pete ndiyo haikuwepo. Gunia lingeoza, na kaniki isingedumu siku mbili. Turubai hutiwa nguvu kwa turubai, na katika kijiji kizima turubai jingine lilikuwa moja tu, lile kuukuu alilorithi kwa baba yake, ambalo lilikuwa paa la kibanda chao wakisubiri nyasi ziote. Chini yake alilala mama mkwe wake, Bibi Mwaija, aliyekohoa tangu siku ya malori.

Bibi Mwaija alikuwa amekaa kitandani alipoona mwanga ukiingia pasipo pake. Alitazama juu. Mkazamwana wake alikuwa juu ya kigoda, na wembe mkononi.

"Mwanangu, unanivua paa mimi ukayavike magunia?"

"Nakata ukingoni tu, mama. Vipande vinane, kila kimoja kama viganja viwili."

"Na mvua haitaingilia huko ukingoni?"

"Tutasogeza kitanda katikati."

Kikongwe alivuta shuka mpaka kifuani. "Basi kata vizuri," alisema. "Nikiloa, niloe kwa kazi iliyonyooka."

Kwenye kushona alisaidiwa na Nkasiogi, mke wa Lekishon, mfugaji wa Kimasai aliyelazimishwa kukaa ukingoni mwa kijiji pamoja na ng'ombe wake wachache. Nkasiogi alijua ngozi na hakuogopa nguo ngumu. Alivuta kwa mikono miwili huku Mwantumu akitoboa kwa msharasi na kupitisha shazia, sindano nene yenye uzi uliopakwa nta. Ukingo waliukunja ndani nusu futi pande zote nne, ili kila jicho liwe na nguo mbili. Kiraka kilikuwa nguo ya tatu. Walishona duara mbili kukizunguka, ndipo wakatoboa katikati, ndipo wakapiga pete kwa nyundo juu ya jiwe.

"Hii moja nene," Nkasiogi alisema, akipima kipande kwa vidole.

Kilikuwa kile chenye alama. Baba yake hakuweka unyayo wake mahali legelege. Aliweka kwenye pembe iliyokunjwa mara mbili. Mwantumu alikitazama kidogo. Hakupenda kukificha. Lakini pembe ya upepo, ile ya mashariki, ilitaka kipande kinene kuliko vyote, na kazi ina sheria zake, kwamba uso mkongwe wa kiraka hutazama ndani na uso mzima hutazama mvua. Akakilaza kifudifudi, unyayo ukaingia gizani, akashona.

Walimaliza Jumamosi alasiri. Rehani alizunguka rundo, akavuta kila kamba kwa uzito wake wote. Hakuna kilichotoka. Alicheka kwa sauti mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa, na jioni alimwambia mkewe kwamba fundi Mhina angeipa kazi ile alama yake.

"Ameshaipa," Mwantumu alisema.

*

Landrova ilifika Jumatatu, saa nane. Alishuka mkaguzi wa vyakula, kijana aliyenyoa vizuri, mwenye ubao wa karatasi na utepe wa kupimia. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wazee shikamoo, akakubali maji. Alihesabu magunia yote na yakatimia mia na ishirini, na Rehani akashusha pumzi. Kisha mkaguzi akapima turubai.

Akapima tena.

"Hapa pameandikwa futi thelathini kwa ishirini," alisema. "Naona ishirini na tisa kwa kumi na tisa."

"Limekunjwa, ndugu," Rehani alisema. "Ukingo umekunjwa ndani, nusu futi kila upande. Tumeyatia macho nguvu, yalikuwa yakitoka."

"Nani kawaruhusu?"

Rehani alimtazama Abdi. Watu wote walimtazama Abdi. Katibu alikuwa akichunguza kucha zake.

"Mimi niliwaambia waandike barua," alisema.

Hakusema uongo, na ndilo lililokuwa baya zaidi. Mwantumu akafungua mdomo, akakumbuka mdomo ulivyotabiriwa, akaufunga.

Mkaguzi alikuwa tayari ametazama ng'ambo. Kibanda cha mtunza ghala kilikuwa hatua thelathini tu, na paa lake lilikuwa la turubai, rangi ileile ya khaki, na ukingo wake umekatwa vipande vya mraba kwa wembe mkali. Alikwenda, akalishika. Akarudi, akashika viraka.

"Turubai la serikali limepungua futi," alisema polepole, kama anayewafundisha watoto. "Nyumbani kwa mtunza ghala pana turubai. Nguo ni moja."

"Nguo zote zilitoka kiwanda kimoja!" Mwantumu alisema. "Lile la kwetu ni la baba yangu. Mimi ndiye niliyelikata nikashona hili. Hili halikukatwa. Shika ukingo, ndugu, usikie ulivyo mnene."

"Mnene kwa kiraka au kwa kunjo? Na nani atanihakikishia hamkukata kabla hamjakunja?"

"Alama. Kiraka cha pembe ile kina alama ya baba yangu ndani, unyayo wa kuku, uzi mwekundu. Serikali haina alama hiyo."

"Mimi naona yeye kuweka," Nkasiogi alisema kutoka nyuma. 

Mkaguzi alitazama saa, akatazama mbingu. Upande wa mashariki palikuwa pameshaiva, peusi, na vumbi lilianza kukimbia chini chini. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Sawa," alisema. "Mimi sipendi kumwonea mtu. Fumua nione. Ikiwepo alama, yameisha."

Rehani aligeuka kwa mkewe haraka. Uso wake ulifunguka. "Fumua, Mwantumu. Fumua mke wangu."

Alichukua wembe. Alipiga magoti kwenye pembe ya upepo, akakata mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uzi wa nta ulikatika kwa shida. Kwenye mshono wa nne upepo wenyewe ulifika, ule wa baridi unaotangulia maji, na turubai likajaa ghafla. Pembe iliruka mkononi mwake. Kamba ilikaza, nguo ikalia, na alijua mlio ule. Kwa nusu ya mishono pete ingetoka. Mvua ingeingia kwa upande, magunia ya juu yangeloa, ya chini yangechipua na kuvunda, na watu mia mbili wangekula nini mwezi wa pili? Aliinua macho. Wanawake walikuwa wamesimama na watoto mgongoni, wakitazama wembe.

"Ingoje mvua ipite," alisema. "Ndugu mkaguzi, lala hapa. Kesho nitafumua mbele yako."

"Mto ukijaa sitoki wiki nzima. Fumua sasa."

"Siwezi."

"Mwantumu," Rehani alisema.

"Siwezi, Rehani. Itaondoka yote."

Rehani alimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona katika miaka kumi na moja. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyepimwa na magunia akaonekana mwepesi. Mkaguzi akafungua mlango wa Landrova, akasema ataeleza wilayani, na Rehani akapanda mwenyewe, bila kusukumwa, akakaa nyuma ya dereva na mikono kwenye magoti. Hakuaga. Matone ya kwanza yaliangukia kioo cha gari wakati linageuka.

Mwantumu alishona upya ile mishono mitatu, mvua ikimpiga mgongoni, huku akilia waziwazi bila kujali nani anaona.

*

Ilinyesha siku tatu. Macho yote manane yalishika. Kibandani maji yaliingia mahali panane palipokatwa, na Bibi Mwaija alilala katikati, amefunikwa ngozi ya ng'ombe ya Nkasiogi, na kila alipozinduka aliuliza swali moja.

"Rehani amekuja?"

"Bado, mama."

"Na mahindi?"

"Makavu."

"Haya," kikongwe alisema, na hakuna aliyeweza kujua alikuwa anashukuru au anamlaani.

Siku ya nne jua lilitoka. Abdi alifungua magunia ya juu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na vumbi la mahindi, mkavu. Watu walipiga vigelegele. Mwantumu hakupiga. Alimwomba Abdi barua ya kushuhudia.

"Nitashuhudia nini? Mimi fundi?"

"Basi njoo utazame tu."

Hakuja. Walikuja wanawake wapatao ishirini, na mbele yao alifumua pembe ya upepo kwa uangalifu, akatoa kiraka, akakigeuza. Unyayo wa kuku ulikuwa pale, mwekundu kama siku uliposhonwa. Waliupitisha mkono kwa mkono. Mahali pake yeye na Nkasiogi waliweka kipande cha ngozi kavu iliyolainishwa kwa mafuta, wakapiga tena pete. Mwantumu alikifunga kiraka kwenye ncha ya kanga yake, na tangu siku ya Landrova hiyo ndiyo mara ya kwanza aliposikia njaa.

Walitoka wawili alfajiri, yeye na Nkasiogi, wakafika Handeni mjini kesho yake, miguu imevimba. Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa na benchi nje na askari mlangoni. Askari alimtazama Nkasiogi, lubega lake, shanga zake, masikio yake.

"Huyu haingii. Vazi hilo haliruhusiwi ofisini."

"Ni shahidi wangu."

"Akavae gauni arudi."

Nkasiogi aliketi chini ya ukuta, nje, na kumwashiria aende. Mwantumu akaingia peke yake.

Karani alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole. Alimkaribisha kiti. Alisikiliza bila kumkatiza, habari ya macho, ya viraka, ya futi iliyokunjwa. Mwantumu alizungumza kwa adabu, bila kuruka kitu, kama alivyoyakariri maneno yake njiani. Mwisho alifungua ncha ya kanga na kuweka kiraka mezani, unyayo juu.

"Hii ndiyo alama ya marehemu baba yangu. Mume wangu hakuiba. Naomba mumwache aende nyumbani."

Karani alikisogeza karibu. Alikipima kwa macho, akapitisha kidole kwenye tundu la katikati, pale pete ilipokuwa.

"Kazi nzuri," alisema. "Kipande hiki umekitoa wapi, mama?"

"Kwenye pembe ya turubai."

"Turubai lipi?"

"La kijiji."

"La serikali."

"Ndiyo. Lakini kiraka ni changu. Nilikifumua."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Mbele ya watu."

"Na mkaguzi alikuwepo?"

"Hapana. Alishaondoka."

"Una karatasi ya ruhusa?"

Dirishani Nkasiogi alikuwa bado amekaa pale ukutani, akiwa amewapa mgongo. Mwantumu alitaka kumwita. Alinyoosha mkono achukue kiraka chake, lakini karani alikuwa ameshakifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Kwa mkono wa pili alivuta fomu mpya, akaandika tarehe.

"Taja jina lako kamili," alisema. "La mumeo tunalo."